Kioo cha Kabati

Viatu vya magurudumu nilivinunua Gikomba, mitumba, jozi mbili, kila kiatu magurudumu manne mstari mmoja. Muuzaji aliyazungusha kwa kidole yakavuma kama nyuki. Habari ya breki sikuuliza.

"Na nani atawafundisha?" akauliza mama watoto. Nikajipiga kifua.

Nje kulikuwa na mvua, basi darasa likawa sebuleni, juu ya vigae vilivyopigwa deki asubuhi. Magurudumu hayo hutaka lami au saruji, mahali panapokwaruza kidogo. Kwenye kigae chenye unyevu ni kama kipande cha sabuni.

Kunjeni magoti, nikawaambia, kama mtu anayetaka kuketi kigodani akaghairi. Visigino vikaribiane, vidole vitazame nje. Ukianguka, angukia magoti, viganja visitangulie. Mkono ndio huvunjika. Yote ni kweli, na niliyasema vizuri. Kitinda mimba akaanguka mara nne, akainuka mara nne. Ya tano akashika pazia, likashuka na fimbo yake.

"Baba, hebu tuonyeshe wewe."

Kifungua mimba ana miaka 14 na mguu wake umeshanifikia. Nikavaa vyake.

Breki ni kipande cha mpira kisiginoni, mguu wa kulia: unautanguliza, unainua vidole, mpira unasugua chini. Nikatanguliza, nikainua. Mpira haukuwapo, ulibaki kwa mwenye viatu wa kwanza, popote alipo. Nikalipita kochi, nikaipita meza, nikamwona mwanamume ananijia mbio, macho yamemtoka. Alikuwa mimi, kwenye kioo cha kabati.

Kiganja nilichokataza ndicho kilichotangulia. Kikashonwa nyuzi tatu.

Usiku, nikitafuta wa kufanana naye, nikamsimulia mama watoto habari za Merlin, fundi wa ala za muziki aliyezaliwa Huy, Ubelgiji ya leo. Inasemekana kwamba karne ya 18, huko London, aliingia karamuni juu ya magurudumu akipiga fidla, asiweze kusimama, akavunja kioo cha thamani na fidla yenyewe. Mama watoto akauliza kama kioo kile alipewa na mkwewe siku ya harusi. Maana hiki chetu kilitoka kwa mama yake.

Jumapili mvua ilikatika. Watoto wakatoka wenyewe hadi kwenye saruji ya maegesho, na kufikia magharibi walikuwa wanapishana bila kugusana. Mimi tai yangu naifungia kwenye kioo cha gari la jirani, asubuhi mapema, kabla hajaondoka.