Futa Kache, Dada: Mwongozo kwa Fundi Asiyejua Mafaili Yake Yako Wapi

Ndugu fundi, kabla hujagusa faili lolote la mipangilio, acha kwanza tabia ya kuwaambia watu wafute kache. Muuguzi wa zahanati huko juu Makete anapiga simu: "Kaka, ripoti ya mwezi nimeingiza tangu asubuhi, mbona kwenye jedwali haionekani?" Nawe hata hujamaliza kumsikiliza: "Futa kache, dada." Kiambatisho hakifunguki, futa kache. Mfumo umegoma kuwaka, futa kache. Siku seva ikishika moto utasema hivyohivyo.

Mwongozo huu nimeuandika nikiiwaza kata ya Ipelele, wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, na mfumo mmoja ambao watumishi wa afya wanaujua vizuri: DHIS2. Ni programu ya Java inayokaa kwenye seva na kufunguliwa kwa kivinjari, chimbuko lake Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania Bara ilikuwa imeifikisha mikoani kote kufikia 2013, na takwimu za vitabu vya MTUHA zinaingia humo. Lakini kama wewe unasimamia mfumo mwingine wa Java unaoendeshwa na Tomcat, wa chuo au wa SACCOS, usifunge ukurasa. Maradhi ni yaleyale.

Njia ya faili iandikwe nzima, kuanzia mzizi wa diski. Ile ya nusunusu, inayoanza na nukta na mkwaju, haihesabiwi kutoka mahali programu ilipo. Inahesabiwa kutoka folda ambamo programu iliwashiwa. Ni sawa na kumwelekeza mgeni wa Ipelele kwa kumwambia, "Ukifika Makambako kata kushoto." Aliyetoka Iringa atashika barabara ya Njombe na atafika. Aliyetoka Mbeya akikata kushoto ataiacha Njombe mgongoni, na wote wawili wamefuata ulichowaambia. Unawasha Tomcat kwa mkono jioni ukiwa ndani ya folda yako, viambatisho vya watu vinakwenda huko. Usiku umeme unakatika na kurudi, seva inajiwasha yenyewe ikianzia folda nyingine, asubuhi viambatisho havionekani. Havijapotea. Aliyepotea ni wewe.

Wa Windows nao wana balaa lao. Kwenye faili la mipangilio la aina ya properties unaandika D:\data\njombe, umeridhika kabisa. Java haioni hivyo. Mkwaju wa kinyume kwake ni ishara ya amri: wa kwanza inaumeza, inabaki D:data, wa pili unashikana na n ya Njombe kuwa amri ya kuanza mstari mpya, na chini yake linabaki neno "jombe". Mkoa mzima umekatwa kichwa kwa sababu ya mkwaju mmoja! Andika D:/data/njombe. Java inauelewa mkwaju wa kawaida hata kwenye Windows.

Kisha kuna folda ya webapps. Humo Tomcat hufungua kifurushi cha programu, na ukileta toleo jipya huifuta folda ya zamani na kufungua upya. Fundi anayehifadhi viambatisho vya watu ndani yake amejiwekea miadi ya kuvifuta, na miadi hiyo itatimia siku atakayopongezwa kwa kuweka toleo jipya. DHIS2 ilikwisha kukuonyesha njia: kuna kigezo cha mazingira kiitwacho DHIS2_HOME, kinachotaja folda iliyo nje kabisa ya Tomcat. Humo ndimo linamokaa faili la dhis.conf, na mafaili yanayopakiwa hukaa humo pia usipoelekeza kwingine. Usipokiweka kigezo hicho, kwenye Linux mfumo utatafuta /opt/dhis2. Na wakati wa kuwaka unaandika kwenye logi folda uliyoitumia. Usome mstari huo! Wapo wanaohangaika siku nzima kubadilisha dhis.conf ambayo mfumo haujawahi kuifungua.

Faili hilo lina nywila ya hifadhidata, kwa hiyo lipewe ruhusa ya 600, asomaye awe mwenyewe tu. Najua wewe unapenda 777. Ukikataliwa kuandika mahali unatoa 777, na ukikataliwa tena unaitoa kwa folda ya juu yake. Kwenye Debian na Ubuntu, Tomcat 9 iliyowekwa kutoka hazina yao imefungiwa na systemd isiandike nje ya folda chache, kwa hiyo hata ungetoa ruhusa zote za dunia itakataliwa. Dawa yake ni kuiongezea huduma hiyo mstari wa ReadWritePaths wenye njia ya folda yako, kisha kuirudisha 777 ilikotoka.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo mafundi wengi wa kwetu wanapoumia. Usijenge njia za mafaili kwa majina ya mahali. Aliyepanga folda zake iringa, ndani yake makete, ndani yake ipelele, alikuwa sahihi mpaka mwaka 2012, mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa. Aliyepanga mbeya na kuweka Mbozi ndani yake alipata somo lilelile mwaka 2016, Songwe ilipozaliwa. Na Wanging'ombe je? Ile alama ya juu katikati ya jina, ukiandika kwa mkono amri ya kutunza nakala kwenye dirisha la amri, inahesabika kuwa mwanzo wa nukuu. Amri haifanyi kazi, haikatai. Inakaa inasubiri nukuu ifungwe, na wewe unakaa unasubiri nakala. Jina halina kosa lolote, limeandikwa inavyotakiwa. Kosa ni lako uliyeliweka mahali pasipo pake. DHIS2 inaipa kila zahanati utambulisho wa herufi na tarakimu 11, ambao haubadiliki hata wilaya ikihamishiwa mkoa mwingine. Fanya hivyo kwenye mfumo wako: folda zitumie utambulisho, jina la mahali likae kwenye hifadhidata, ambako kulibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Sasa turudi kwa yule dada. Ripoti yake haikuwa kwenye kache. Majedwali na grafu za DHIS2 hazisomi moja kwa moja alichoingiza. Zinasoma majedwali ya uchambuzi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa upya usiku. Alichoingiza asubuhi kitaonekana kesho. Ungemwambia hivyo angeshukuru na kuendelea na wagonjwa wake.

Badala yake umempa ushauri wa hatari. Fomu ya kuingizia data, mtandao ukikatika, inaweza kutunza takwimu ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi ndipo izitume. Ukimwambia afute kache, naye kwa bidii akaweka tiki kwenye visanduku vyote, pamoja na vidakuzi na data za tovuti, amefuta takwimu ambazo hazijatumwa. Inabidi arudi kwenye rejesta ya wagonjwa wa nje, ahesabu upya, mstari kwa mstari. Mtu wa Ipelele atahesabu upya mwezi mzima kwa sababu ya maneno mawili uliyoyatamka bila kufikiri. Hilo halichekeshi, na mimi sioni sababu ya kulisamehe.

Kache yenyewe ni neema kwa anayenunua bando kwa pesa yake. Mafaili ya mwonekano, yaani picha, mitindo na skripti, yape mwaka mzima, sekunde 31536000 kwenye max-age, alimradi kila toleo jipya libadilishe jina la faili. Ukurasa wa kwanza unaoyataja majina hayo upe no-cache. Hapo kivinjari kinautunza lakini kinaiuliza seva kabla ya kuutumia. Ukitakiwa usitunzwe kabisa, andika no-store. Kwa kurasa zenye taarifa za mtu au kituo weka private, ili seva za katikati zisije zikampa daktari wa Makambako ukurasa uliotengenezwa kwa mwingine. Na ukirekebisha data kwa SQL moja kwa moja kwenye hifadhidata, jua kwamba kache ya ndani ya programu haijaambiwa. Itaendelea kutoa jibu la zamani bila aibu mpaka utakapoifuta kutoka kwenye ukurasa wa utawala wa data, kazi ambayo ni yako wewe, wala si ya muuguzi.

Kwa majedwali, DHIS2 inakuruhusu kutunza majibu mpaka saa 12 asubuhi ya kesho. Kwangu huo ndio mpangilio bora, ikiwa uchambuzi unafanyika usiku. Lakini angalia saa ya seva. Ikiachwa kwenye UTC, saa 12 asubuhi yake ni saa 3 asubuhi ya Njombe, na watu watakuwa wamekwisha kuchungulia takwimu za jana kwa saa nzima na zaidi.

Leo kabla hujafunga ofisi, pakia faili moja la majaribio, zima seva, iwashe, weka upya toleo lilelile la programu, kisha lifungue faili. Likiwapo, nenda nyumbani. Lisipokuwapo, kaa hapohapo mpaka ujue limekwenda wapi.