Juma Yupi?

Kwenye kompyuta yangu ya kazini kuna python3, python3.9, python3.12 na nyingine iliyoingia mgongoni mwa programu ya kuchora ramani bila hata kubisha hodi. Nikiandika python tupu nikabonyeza kitufe, sijui atakayeitika ni nani. Nimeajiriwa kuandika programu, lakini nusu ya asubuhi yangu inaishia kwenye upelelezi wa majina.

Kompyuta yenyewe haina habari ya nani bora. Ina orodha ya folda iitwayo PATH, inazipekua moja baada ya nyingine, na pale inapokutana na jina ulilolitaja inasimama. Ni kama nyumba ambayo wajukuu wote wamepewa jina la babu: ukiita Juma, anakuja aliye karibu na mlango, na mara nyingi ndiye yule asiyetumika dukani.

Wenye Python walianza vurugu hii Desemba 2008, walipotoa toleo la 3 lisiloelewana na la 2 hata kwenye amri ya print. Arch Linux hawakuwa na subira: mwaka 2010 wakatangaza kwamba python sasa ni ya 3. Wengine wakashikilia kuwa jina ni la mkubwa. Ikawa skripti ileile inafanya kazi kwako na kufa kwa jirani. Toleo la 2 likastaafishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, nikadhani mirathi imekwisha. Wapi! Linux ya Ubuntu ya mwaka huohuo ikaja bila amri ya python kabisa. Ukiitaka, kuna kifurushi kiitwacho python-is-python3. Hebu soma tena hilo jina. Ni kifurushi kizima, na kazi yake yote ni kusema hivyo tu.

Hao angalau ni ndugu. Debian, wenye Linux nyingine, wana kesi za watu wasiojuana. Node.js ilipofika pale ilikuta node nyingine, programu ya wapenzi wa redio za mawasiliano, imeshajikalia zamani. Ugomvi ulifika hadi kamati yao ya ufundi mwaka 2012. Mgeni akaambiwa ajiite nodejs, na mwenyeji naye hakuachiwa jina. Dunia nzima ilikuwa imeshaandika skripti zinazoita node. Mimi nisiye na redio wala kamati nikabaki naunganisha node na nodejs kwa mkono.

Halafu kuna bat, chombo kizuri cha kusoma mafaili kwa rangi. Kwenye Debian huitwa batcat, kwa kuwa bat ni ya watu wa Bacula wanaohifadhi nakala za data. Na fd ya kutafutia mafaili ni fdfind. Sipingi mkongwe kuheshimiwa. Ila vidole vyangu havijui itifaki.

"Weka alias tu, kaka," vijana wananiambia. Nimeziweka hizo lakabu za amri. Kisha naingia kwenye seva ya mteja, naandika bat, naambiwa amri haipo, maana alias zangu zimebaki nyumbani zinaangalia televisheni.

Juzi binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo alinijia amenyong'onyea. Ameandika programu yake ya kwanza, ameiita test, anaiendesha na haitoi kosa wala herufi.

"Shikamoo kaka. Imekufa?"

"Marahaba. Haijafa, haijaitwa." Nikamweleza kuwa test ni amri ya kale ya Unix, imo ndani ya shell yenyewe, wala PATH haifikiwi. Nikamsihi atafute jina ambalo halijawahi kutumiwa na mtu yeyote duniani. Akashukuru kwa adabu zote, akaenda kulifikiria.

Jioni nikachungulia. Ameiita test2.