Mchanga Uliokuwa Mweupe

Mgeni anaposimama mbele ya tangi jipya la matumbawe na kuuliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtu aliyemwagia chai humo ndani, mwenye tangi hana jibu la heshima. Wiki 3 zilizopita mchanga ulikuwa mweupe kama sembe. Leo umegeuka kahawia. Mawe yamegeuka, kioo kimegeuka, hata pampu, ambayo haikumkosea mtu, imegeuka. Hoja yangu ni kwamba fedheha hii haihitaji dawa. Inahitaji kutambuliwa, kisha kuachwa ijifie, kwa sababu madhara mengi yanayosingiziwa utando huu hufanywa na mkono wa mwenye tangi mwenyewe.

Tuanze na mshtakiwa. Mara nyingi ni diatomu, mwani wa seli moja unaojijengea nyumba ya kioo: gamba la silika lenye vipande viwili, kimoja kikifunika kingine kama mfuniko na chungu chake. Ndani kuna rangi iitwayo fukozanthini inayoifunika kijani ya klorofili, ndiyo maana tunaona kahawia. Ukoo huu si wa kudharauliwa. Takriban sehemu 1 kati ya 5 ya oksijeni inayotengenezwa duniani ni kazi yake. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, magamba yaliyotuama chini ya ziwa la kale yamekuwa mwamba mweupe unaochimbwa kama chaki. Alfred Nobel alichanganya unga wa namna hiyo na nitrogliserini, na mwaka 1867 akapata hataza ya baruti kali aliyoiita dainamiti. Kwa hiyo anayekwaruza kioo usiku wa manane, suruali imelowa hadi magotini, anapigana na ukoo uliokwisha kuwa mlima na kuwa bomu, naye silaha yake ni sponji ya vyombo.

Nyumba ya kioo hujengwa kwa silika, na hapo ndipo ushahidi wote unapoelekea. Tangi jipya lina silika ya bure, iliyokuja na maji ya bomba au ya kisima, hasa yaliyopita kwenye miamba ya volkeno. Humo hamna bado majirani wa kugombania nafasi juu ya jiwe. Diatomu hujenga mpaka vifaa viishe. Vikiisha, ujenzi husimama, bakteria na mwani mwingine huchukua viwanja, na baada ya wiki kadhaa mchanga hurudi ulivyokuwa. Mtu atauliza: mbona nikibadilisha maji hali inazidi? Kwa sababu umemletea fundi saruji. Hata maji ya mtambo wa kuchuja si salama kila mara: silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya resini ya mtambo huo inapoanza kuchoka, na kipima maji cha mkononi hakiioni sawasawa, kinaendelea kuonyesha sifuri kama mlinzi anayesinzia huku geti likiwa wazi. Nakubali kwamba kuufyonza utando kwa mpira hadi nje ya tangi kunapunguza silika. Kuusugua tu ukaelea, ukatua upya, ni kuwahamisha wapangaji kutoka chumba hadi chumba.

Pingamizi lenye uzito ni hili: je, kama si diatomu? Hapo uvivu ninaoutetea una mpaka. Kuna dinoflajelata, viumbe vingine vya seli moja: nazo ni za kahawia, ila huvutika kama makamasi, hushika viputo vya hewa na hupungua taa zikizimwa. Tikisa utando kidogo kwenye chupa ya maji ya tangi, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, acha maji yaliyochujwa kwenye mwanga saa moja. Chembe zikijikusanya tena humo kuwa nyuzi, si diatomu. Baadhi yazo zina sumu: mwaka 2005, huko Genoa, Italia, aina ya Ostreopsis iliyostawi baharini iliwapeleka watu wapatao 200 kutafuta matibabu. Nazo hustawi hasa pale naitreti na fosfeti zilipofikishwa sifuri, yaani kwenye tangi la yule aliyesafisha kupita kiasi kwa hofu ya diatomu.

Baada ya diatomu, mwani wa kijani utafuata; hapo nunua konokono. Ukiona utando mwekundu, huo ni bakteria. Ongeza mkondo wa maji.

Kinachobaki ni chupa ya dawa. Inauzwa kwenye rafu ileile iliyouza tangi, taa na chumvi, kwa mtu ambaye, siku alipolipia vyote hivyo, hakuulizwa hata mara moja maji atayatoa wapi. Atainunua, ataimimina, utando utaondoka wiki ambayo ungeondoka hata hivyo, na jirani yake ataambiwa kwamba dawa ile ni kiboko.