Jinsi ya Kuuhoji Wimbo wa Jukwaani Mpaka Useme

Kabla ya yote, waombe radhi watu wa nyumbani, kwa sababu kazi hii hufanywa kwa kugonga meza. Anayeanza kuchambua wimbo kwa kalamu huishia kuandika kwamba una "melodia tamu na mdundo wa kuvutia", sifa unayoweza kuupa hata wimbo wa tangazo la sabuni. Wimbo wa tamthilia ya muziki unastahili heshima kubwa zaidi: uketishwe kitini, uulizwe maswali, na usiruhusiwe kuondoka mpaka useme.

Mshukiwa wetu ni "America", kutoka West Side Story, tamthilia iliyofunguliwa Broadway, New York, tarehe 26 Septemba 1957. Muziki ni wa Leonard Bernstein. Maneno ni ya Stephen Sondheim, kijana wa miaka 27 wakati huo. Hadithi iliandikwa na Arthur Laurents, na Jerome Robbins aliongoza mchezo na kubuni dansi zake. Ni Romeo na Juliet wa Shakespeare waliohamishiwa mitaa ya New York, ambako genge la Jets linagombea eneo na Sharks, vijana waliotoka Puerto Rico.

Swali la kwanza, ambalo wachambuzi wengi hulikimbia ili wawahi kwenye noti: nani anaimba, anataka nini, na nani anampinga? Mtu jukwaani huacha kuzungumza akaanza kuimba pale maneno matupu yanapomshinda, na usipojua kilichomshinda, uchambuzi wako wote utaelea hewani. Katika "America" ya jukwaani wanaoimba ni wanawake wa upande wa Sharks. Rosalia anakikumbuka kisiwa chao cha Puerto Rico kwa mapenzi. Anita hataki hata kusikia habari za kurudi. Ukitazama filamu ya mwaka 1961 utakuta ugomvi mwingine kabisa: wanawake wanabishana na wanaume, na Sondheim aliandika maneno mapya kwa ajili hiyo. Kwa hiyo taja unachambua toleo lipi. Wapo waliojadiliana usiku kucha kumbe kila mmoja ana wimbo wake kichwani.

Sasa sikiliza mwanzo, ule wa taratibu. Rosalia anaimba melodia laini ya kusifu kisiwa. Anita anaipokea melodia ileile na kuijaza maneno ya kukikejeli. Hapa usipite haraka. Bernstein angeweza kumpa Anita melodia kali ya kwake, lakini amemwachia sauti ya mwenzake ili ambeze kwayo, na waliokulia kwenye mipasho ya taarabu wanajua jinsi hilo linavyouma. Kumwiga mtu sauti yake mbele za watu ni shambulio, na hapa limeandikwa ndani ya noti zenyewe.

Kisha wimbo unachangamka, na zamu ya meza imefika. Hesabu mapigo sita ya haraka, yote sawa kwa urefu. Mara ya kwanza yagawe mafungu mawili ya matatumatatu: MOJA mbili tatu, MOJA mbili tatu. Mara ya pili yagawe mafungu matatu ya mawilimawili: MOJA mbili, MOJA mbili, MOJA mbili. Rudia bila kusimama, na usibadili mwendo. Huo ndio uti wa mgongo wa "America". Kwa maandishi ya muziki ni 6/8 ikifuatiwa na 3/4, na zinapokezana hivyo karibu wimbo mzima.

Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana faida hapa ambayo mwanafunzi wa chuo cha muziki huko ng'ambo huitafuta kwa jasho. Katika chakacha, na katika ngoma nyingi za pwani, mbili na tatu hukaa ndani ya mdundo mmoja: ngoma moja inavuta huku, nyingine inavuta kule, na kiuno ndicho kinachoamua. Bernstein amezichukua mbili na tatu akazitenganisha, moja mbele na nyingine nyuma yake, kama watu wawili wanaonyang'anyana kipaza sauti. Haziungani, na Rosalia na Anita nao hawaungani. Ukifika hapo umeacha kuhesabu tu, umeanza kuchambua.

Endelea kubana. Angalia jina la nchi lilivyopangwa juu ya mapigo hayo. Silabi yake ya kwanza imewekwa kwenye pigo la mwisho la yale sita ya haraka, kisha silabi tatu zinazobaki zinapewa fungu zima kila moja: zito, zito, zito. Yaani mapigo yote mazito ya 3/4 yametengewa jina hilo, na mchezaji dansi anaweza kulikanyaga chini kwa kisigino. Jaribu kuligawa kinyume, ulibane jina ndani ya mapigo ya haraka, uone linavyopoteza nguvu zake.

Midundo nayo ihojiwe kuhusu asili yake. Kwenye karatasi ya muziki, ile sehemu ya taratibu imeandikwa iende kwa mwendo wa seis, muziki wa watu wa Puerto Rico. Sehemu ya haraka imeandikwa huapango, nao ni muziki wa Meksiko. Mimi sioni sababu ya kumficha Bernstein katika hili: sikio lake lilivutwa na mdundo, na ramani ikafuata nyuma. Mdundo huo unaufaa ugomvi huu kikamilifu, na wakati huohuo si wa nyumbani kwa wanaouimba. Uchambuzi mzuri unayasema yote mawili bila kuogopa kwamba moja litalifuta jingine.

Kuhusu upana wa sauti, nguvu na ukimya, yaandike yanapobadilika na uende zako. Katika wimbo huu hayana utajiri kama wa mdundo.

Lakini wimbo hauna budi kuulizwa pia kuhusu ndugu zake, maana katika tamthilia hakuna wimbo unaoishi peke yake. Kwa kazi hii ita mwanakwaya yeyote anayejua solfa. Mwambie aimbe do, fe, so. Siyo fa: fe, ile fa iliyopandishwa nusu hatua. Hizo ndizo noti tatu za "Maria", wimbo ambamo Tony, aliyekuwa wa Jets, anaimba jina la msichana wa upande wa pili. Mwambie mwanakwaya asimame kwenye fe na asiondoke. Atakunja uso, atataka kupanda so, na nusu hatua hiyo ndiyo hamu yote ya Tony. Noti hizohizo tatu zinafungua "Cool", ambapo genge linajaribu kuzuia hasira. Mapenzi na hasira zimetolewa kwenye mbegu moja, na maneno peke yake yasingekwambia hilo.

Kuna ushahidi mwingine hapo. Rudi kwenye dansi ya ukumbini, Tony na Maria wanapoonana mara ya kwanza. Chacha inayopigwa ni ile melodia ya "Maria", kabla Tony hajajua jina lake. Okestra imejua kabla ya mhusika. Kila unapochambua wimbo wa jukwaani, tafuta dakika kama hiyo: muziki unajua nini ambacho anayeimba bado hajaambiwa?

Ukishapata ladha ya hiyo fe, ifuate mpaka mwisho wa mchezo. Tony ameuawa, na magenge yote mawili yanaubeba mwili wake. Juu, okestra inapiga akodi safi ya do meja. Chini kabisa, kwenye besi, inasikika fe, na safari hii haipandi. Wapange wenzako watatu waimbe do, mi, so, nawe uvume fe kwa sauti ya chini kabisa. Mmoja wao atakugeukia akwambie umekosea noti. Shikilia hapohapo, ndivyo Bernstein alivyoandika.