Sifa za Mgeni Asiyebisha Hodi

Wakaguzi wa hospitali huja kwa barua. Siku yao hujulikana mapema, sakafu hupigwa deki mara mbili, mashuka mapya hutolewa stoo, na sabuni iliyopotea tangu ukaguzi uliopita huibuka kando ya kila sinki. Norovirusi haandiki barua. Huingia wodini tumboni mwa mgonjwa au kiganjani mwa mtumishi, na kabla ya siku mbili kwisha ripoti yake imeshatoka, kwa kutapika na kuharisha, kitanda hadi kitanda. Wa kumlaani wapo tele. Mimi nimekuja kumsifu, maana simwoni mkaguzi mwingine mwaminifu kama yeye: hali posho, hapokei bahasha, wala hapelekwi kwanza ofisini kwa mkubwa kunywa chai.

Nasaba yake si ya kujivunia. Jina lake limetokana na Norwalk, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, ambako watoto wa shule waliugua mwaka 1968. Albert Kapikian na wenzake walimtambua kwa hadubini ya elektroni mwaka 1972. Ni mdogo mno, lakini watafiti wanakadiria kwamba chembe zake zisizofika 20 zaweza kumwangusha mtu mzima, na tapishi moja hubeba chembe zisizohesabika. Zaidi ya hayo hana ule utando wa mafuta ambao virusi wengine huvaa, ndiyo maana kitakasa mikono chenye pombe hakimtii adabu ipasavyo. Hapo ndipo anapotoa somo la kwanza. Ile chupa iliyoning'inizwa mlangoni mwa wodi humridhisha mgeni rasmi. Norovirusi huuliza kama bomba la ndani linatoa maji, na kama kando yake ipo sabuni. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na mjumbe wao anaendelea kuzunguka wodini.

Sifa yake ya pili ni kwamba humpandisha cheo mfanya usafi. Daktari bingwa hawezi kumtoa norovirusi sakafuni. Anayeweza ni yule mwenye ndoo, mradi apewe glavu, aproni, barakoa na maarifa. Tapishi huondolewa kwanza kwa karatasi, kisha ndipo hupakwa klorini ya sehemu 1,000 hadi 5,000 kwa milioni na kuachwa ilowe. Ukigeuza mpangilio huo umepoteza klorini, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu. Ukipitisha tambara lilelile chumba cha pili, umembeba mgeni mgongoni na kumkaribisha kitandani. Tena hajifichi katikati ya sakafu, bali kwenye kitasa, swichi, mpini wa kuvutia maji chooni na kengele ya kumwitia muuguzi. Anayevijua vyote hivyo kwa kuvigusa kila siku ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote jengoni.

Sifa ya tatu huwauma wenye mahesabu. Mwaka 2004, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mlipuko mmoja uliwapata watu 355. Kati yao wagonjwa walikuwa 90 tu. 265 walikuwa watumishi. Ilibidi vitengo vifungwe na kusafishwa kwa klorini, na hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola 650,000. Kikulacho ki nguoni mwako. Kanuni ni kwamba mtumishi aliyeugua abaki nyumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome, lakini kibarua anayelipwa kwa siku atakuja tumbo likimnyonga, na muuguzi asiye na wa kumshikia zamu atakuja naye. Basi mkaguzi wetu haishii chooni. Hufungua pia daftari la mishahara.

Atatokea wa kunikatiza: unamsifuje muuaji? Kweli, inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 200,000 kila mwaka duniani, watoto wachanga na wazee wakitangulia. Silifichi hilo. Lakini wengi huuawa na upungufu wa maji mwilini, na tiba yake ni maji yenye chumvi na sukari, au dripu kwa aliyezidiwa. Anapoua, mara nyingi ameandika kile tulichokosa kuweka karibu na kitanda. Mwingine atasema kwamba huingia hata hospitali za kitajiri, hivyo kumzuia ni kujisumbua. Kuingia si kufeli. Kufeli ni mgonjwa mmoja kugeuka wodi nzima, na hilo huamuliwa na kasi ya kumtenga yule wa kwanza, kusitisha uhamisho wa wagonjwa na kupunguza wageni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu hana chanjo iliyoidhinishwa wala dawa ya kumuua mwilini, na atakuja tutake tusitake. Basi tumfanyie kama mgeni yeyote: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye atulimie. Ripoti yake iingizwe kwenye bajeti: bomba litoe maji, klorini isikauke stoo, na aliyebaki nyumbani akiumwa tumbo asikatwe hata senti.