Kiyoyozi Kidogo, Sifa Kubwa

Wakwe wanakuja kutoka Wete, wewe uko Chake Chake, kaskazi inapuliza na joto limelowa kama shuka la mgonjwa. Ukumbini una kiyoyozi cha BTU 9,000, na mahali penyewe pangetaka cha 18,000. Tulia, ndugu yangu. Heshima yako iko kwenye kitufe cha feni.

1. Osha chujio leo. Hapa hakuna njia ya mkato. Vumbi huziba hewa, koili huganda barafu, na rimoti hugeuka pambo la meza.

2. Wageni ni wa saa kumi? Washa saa nane. Funga madirisha, teremsha mapazia, pandisha feni hadi mwisho. Feni ikienda mbio, hewa nyingi hupita kwenye koili, na joto jingi hutoka nje. Upepo utauona wa baridi kiasi tu. Usivunjike moyo: kuta na makochi ndiyo yanayopoa.

3. Ukisikia hodi, shusha feni. Sasa hewa inapita polepole, inatoka kali zaidi, na inaacha maji mengi kwenye koili. Joto linaloondoka kwa jumla limepungua, lakini nani atalipima? Mkwe hupima kiyoyozi kwa kiganja. Atanyoosha mkono na kusema, "Mashaallah!" Wewe mimina juisi. Tena hujamdhulumu: hewa imekauka, jasho lake linakauka nalo, na raha anayoipata ni ya kweli.

4. Feni iwe ya kujiendesha yenyewe. Ukiiacha izunguke hali kompresa imezima, itayapeperusha yale maji ya koili yarudi chumbani, na unyevu ulioutoa kwa pesa utaurudisha bure.

5. Wageni wakishakaa, washa pangaboi taratibu, weka nyuzi 26. Kuteremsha hadi 18 hakukipi nguvu kiyoyozi kidogo. Kunakifanya kisipumzike tu. Umeme wetu wa Pemba unavuka bahari kwa waya kutoka Tanga tangu 2010. Ukishafika salama, usiuache ukale yuniti zako za mita ya Tukuza bila kazi.

6. Mkwe akiuliza kiyoyozi ni cha ukubwa gani, jibu kwa upole: "Kinatutosha." Ukifuata hatua zote, hutakuwa umesema uongo.