Mwongozo wa Kujiandaa kwa Kiyama, Toleo la Machakos

Huko Kansas, Marekani, kuna ghala la zamani la makombora lililochimbwa ardhini, ambalo limegeuzwa kuwa nyumba za ghorofa zinazoelekea chini badala ya juu. Matajiri hununua makao humo wakingoja siku ambayo maduka yatakauka, serikali itasambaratika na majirani wataanza kutazamana kwa jicho la kitoweo. Kuna hata bwawa la kuogelea. Sisi wa Machakos hatuna kombora hata moja, sembuse ghala lake, lakini hatuwezi kuachwa nyuma katika jambo zito kama mwisho wa dunia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa kawaida, awe Mwala, Kathiani, Masinga au katika ploti ya vyumba vya kukodi mjini, aliye na sufuria tatu, mitungi miwili na wasiwasi mwingi.

Hatua ya kwanza: Chagua janga lako

Usijiandae ovyo ovyo. Janga lisilo na jina halina heshima, na Ukambani njaa haipiti bila kubatizwa. Anayetaka la kifahari achague Ngomanisye, njaa ya 1898 na 1899 iliyosambaa kila pembe, ikifuatana na ndui, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe. Hiyo inahitaji maandalizi makubwa, na wengi walioipitia hawakubaki kutoa ushauri. Kwa anayependa mambo ya kisasa ipo Ndeke ya 1961: ukame ukafuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikaangushwa na ndege. Maandalizi yake ni uwanja mpana na kichwa kigumu.

Wenye haraka wanaweza kuchukua majanga ya rejareja. Aprili 2022 kulikuwa na foleni za petroli zilizowafanya watu wapange mstari bila kujua kama pampu ina kitu. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani. Kwa janga hilo unahitaji koroboi, mafuta ya taa, na nyanya mmoja anayekumbuka utambi unakatwaje.

Hatua ya pili: Weka pesa, kisha uzitazame

Wataalamu wote wa kiyama husisitiza akiba ya pesa. Ushauri huo ulifanyiwa majaribio hapa mwaka 1984. Mvua zilikataa, na njaa iliyofuata ikaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa ninazo mkononi. Watu walikuwa na noti, maduka yalikuwa wazi, ila rafu zilikuwa tupu. Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na mpaka leo ukiyataja mbele ya mtu aliyeyala, uso wake hubadilika kabla hujamaliza sentensi. Tangu hapo teknolojia imepiga hatua: siku hizi unaweza kufa ukiwa nazo kwenye simu, bila hata kuchafua kiganja.

Usitegemee pia kwamba bei itakuokoa. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe Sh100. Bei ilishuka vizuri sana, na unga nao ukashuka pamoja nayo mpaka haukuonekana tena dukani.

Basi geuza sehemu ya akiba iwe kitu kinachoweza kuchemka. Nunua ndengu, mbaazi na kunde wakati wa mavuno, muuzaji anapojaza gorogoro mpaka zinamwagika, naye anaona ni kawaida. Ukingoja msimu wa ukame utakuta gorogoro ile ile imebonyezwa kitako kikaingia ndani, na muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake kwamba ilitoka kiwandani hivyo. Kama una mbuzi wa kuuza, mwuze mapema. Siku ambayo kila mtu analeta mbuzi sokoni kutafuta mahindi, mbuzi huwa kitu cha kumbembeleza mnunuzi akichukue.

Hatua ya tatu: Ficha mahindi, majirani wasijue

Hapa ndipo miongozo ya kiyama hupata raha. Siri! Vuna kabla jirani hajaamka. Ingiza magunia chumba cha kulala, funga dirisha, tandika godoro juu, ulale hapo ukisikiliza nyayo.

Hatua hii ilifuatwa kikamilifu mwaka 2004. Chakula kilikuwa haba, na watu wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walihofia wezi. Wengi walivuna mahindi kabla hayajakauka, wakayaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Unyevu na joto vikaleta kuvu, kuvu ikaleta sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua ini na 125 kati yao wakafariki. Machakos yenyewe ilikuwa imeonywa tangu 1981, sumu hiyo hiyo ilipowalaza watu 20 na kuwaua 12. Katika milipuko yote miwili, mahindi mengi yaliyoua yalikuwa ya mwenye nyumba mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kumchunguza jirani, chunguza punje. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi, tikisa, kisha uiache kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji: yarudishe juani, juu ya turubai na si kwenye udongo mtupu. Isipogandama, ongeza siku nyingine ya jua, kwa maana jua la Machakos halitozwi ushuru bado. Kipimo rasmi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Halafu kuna dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika aliyeonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akaingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983 bila pasipoti. Siri yako haimhusu. Atakuachia unga chini ya kitanda, uliosagwa bure, lakini usiofaa ugali. Mfuko usiopitisha hewa humnyima pumzi. Godoro hata ukililalia vipi halimsumbui.

Hatua ya nne: Miliki maji

Unaweza kununua tangi la lita elfu kumi na kulizungushia seng'enge. Unaweza pia kuhamia kilima cha Kituluni, nje kidogo ya mji, ambako maji ukiyamwaga barabarani huonekana yakipanda mlima. Watalii huenda kuyashangaa, na pengine siku moja yatapanda mpaka kwenye tangi lako. Ukichoka kungoja, mpigie simu mwenye bauza, naye atakuambia yuko njiani, hapo kwenye kona.

Wale wasio na bajeti ya kiyama walitafuta njia nyingine. Huko Utooni, kikundi alichokianzisha Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978 kilijenga kuta za zege kukingama mito ya msimu. Mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya punje zake, chini, jua lisikoyafikia na mbu asikotagia. Hata theluthi ya kile unachokiona kama mchanga mkavu inaweza kuwa maji. Ukame ukikaza unachimba, unachota, ng'ombe wananywa.

Bwawa la namna hiyo lina kasoro moja kubwa kwa mtu anayejiandaa peke yake: haliwezi kufungiwa kufuli. Linajengwa na wengi, linachotwa na wengi, na linalindwa na wengi au haliponi kabisa. Lori likinguruma mtoni saa nane za usiku, ujue linabeba tangi lenu kwenda kujenga ghorofa Nairobi. Na ukiuliza kesho yake nani alilikaribisha, utakuta ni mtu aliyeweka seng'enge kwenye tangi lake mwenyewe.

Hatua ya tano: Andaa mahali pa kukimbilia

Wenzetu wa ng'ambo huweka mkoba tayari mlangoni: tochi, kisu, ramani, biskuti za miaka kumi. Mkazi wa Nairobi hana haja ya mkoba. Mpango wake wa kiyama uko tayari, na mpango huo ni wewe. Atapandia gari pale Machakos Country Bus, ambapo watu wa jiji hupaita “Machakos Airport”, na baada ya kilomita sitini na kitu atashuka kwako na watoto wanne, mikono mitupu, akiulizia nywila ya Wi-Fi kabla ya kuulizia afya ya mama.

Jifunze kuzisoma dalili. Shemeji akikupigia simu ghafla kuuliza, “Mvua inaendeleaje huko nyumbani?” anaulizia muthokoi. Tarehe 6 Aprili 2020, serikali ilipofunga mipaka ya Nairobi kwa sababu ya korona, mstari ulipita ndani ya kaunti yetu: Athi River na Katani zikabaki upande wa jiji, mji wa Machakos ukabaki nje. Shemeji wa Mlolongo akakwama kwake na simu yake. Usitumaini kwamba kila janga litakuwa na adabu kama hiyo. Ongeza gunia moja kwa hesabu yako na uliite Shemeji.

Hatua ya sita: Jikinge na majirani

Sasa jenga ua. Panda michongoma, nunua mbwa mkali, na mbwa wa pili wa kumlinda wa kwanza. Kisha panda juu ya vilima vya Iveti utazame chini, kwa sababu unachokitazama kilishatangazwa kuwa maiti. Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti iliyoonyesha nchi iliyochunika na kujaa makorongo. Serikali ikaona dawa ni kuwapokonya watu ng'ombe. Mwaka uliofuata Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba mpaka Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, na serikali ikalegeza kamba ya ng'ombe, ikaikaza ya Mbingu: alipelekwa Lamu uhamishoni. Leo ana barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi, na magari hukwama hapo kwa heshima.

Udongo nao uliokolewa kwa jembe. Mtaro unachimbwa kufuata kontua, udongo unatupwa upande wa juu, tuta linajijenga. Ndiyo fanya juu, inayotajwa kwa jina hilo hilo hata kwenye vitabu vya kilimo vya kigeni. Mwanzoni watu walilazimishwa, baadaye wakaifanya wenyewe kwa mwethya, vikundi vya kazi vilivyojaa wanawake. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka takriban mara tano tangu miaka ya 1930, huku mmomonyoko ukipungua. Kiyama kilikuwa kimefika, kikakuta watu wako shambani.

Shida ya tuta ni kwamba halina maana ndani ya ua. Maji ya mvua hayasomi hati miliki. Tuta la jirani wa juu likipasuka, lako linafuata jioni hiyo hiyo, pamoja na michongoma na mbwa wote wawili. Kwa hivyo, ukishamaliza kujikinga na majirani, toboa ua huo mlango wa kupitisha watu kumi wenye majembe, fungia mbwa, na upike uji wa kutosha.

Hatua ya mwisho: Ukaguzi

Kagua mara moja kwa msimu. Punje zimekauka? Gorogoro ina kitako chake chote? Mbegu ya Katumani, ile inayowahi mvua fupi, imewekwa kando au imeliwa? Mtoni kungali na mchanga? Nyanya angali anakumbuka utambi? Je, jirani anajua magunia yako yako wapi, ili akusaidie kuyatoa paa likivuja?

Ukijibu ndiyo kwa yote na jamii bado haijasambaratika, usivunjike moyo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Unga ununue Juni, maana Julai huenda ukapunguzwa bei.